Fauni na mtandio: kisa cha Paris, Mei 1912

Jioni ya tarehe 29 Mei 1912, katika ukumbi wa Théâtre du Châtelet jijini Paris, kijana aliyecheza kama fauni, kiumbe nusu mtu nusu mbuzi, mwenye vipembe vya dhahabu na kimkia, alijilaza kifudifudi juu ya mtandio wa mwanamke. Nyonga zake zikashtuka mara moja, kisha onyesho likaisha. Dansi yote, iliyoitwa L'Après-midi d'un faune (yaani Alasiri ya fauni), ilichukua dakika 12 hivi. Hamkuwa na busu ndani yake, hakuna aliyebaki uchi, na mguso mkubwa kuliko yote ulikuwa wa viwiko viwili kushikana. Hata hivyo kesho yake mhariri wa gazeti kubwa la jiji alitumia ukurasa wa kwanza kulaani alichokiona, na wenye kusoma na kuandika wakagawanyika: hawa wanasema wameona unyama, wale wanasema wameona sanaa.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu suala la silika na ashiki ya binadamu linaonekana ndani yake kwa uwazi ambao kazi nyingi za baadaye, zenye uchi mwingi zaidi, hazikuufikia. Na msimamo wangu nauweka mezani mapema: mahali pale pale wakosoaji walipomwona mnyama, ndipo fauni alipoacha kuwa mnyama.

Waliohusika

Vaslav Nijinsky, aliyeitunga dansi hii na kumcheza fauni, alizaliwa Kyiv na wazazi Wapolandi, wote wawili wachezaji dansi, akafundwa katika shule ya baleti ya kifalme ya St Petersburg. Hadi 1912 sifa yake kubwa ilikuwa kuruka. Watu walilipa kiingilio ili wamwone akipaa na kukawia hewani. Sifa nyingine ilikuwa ya mashaka zaidi. Mwanzoni mwa 1911 alifukuzwa katika ukumbi wa Mariinsky kwa kupanda jukwaani na suruali ya kubana bila ile bukta ya juu iliyotakiwa kuwasitiri wachezaji wanaume, siku ambayo watu wa familia ya kifalme walikuwepo. Kwa hiyo mwili wake ulikwisha kushtakiwa kabla yeye mwenyewe hajatunga dansi yoyote ya kuonyeshwa hadharani.

Sergei Diaghilev, mwenye kikundi cha Ballets Russes, alikuwa mwajiri wake, mlezi wake katika sanaa, na mpenzi wake. Hayo matatu kukaa kwa mtu mmoja si jambo dogo, na nitalirudia.

Muziki ulikuwa tayari. Claude Debussy aliutunga kutokana na shairi la Stéphane Mallarmé la 1876, nao ulipigwa kwa mara ya kwanza Paris mnamo Desemba 1894: filimbi moja inaanza peke yake, inateremka polepole, inapanda tena, kama vile haijaamua inakotaka kwenda. Katika shairi, fauni, yule kiumbe wa hadithi za Warumi aliye mtu kwa juu na mbuzi kwa chini, anaamka mchana wa joto na hajui kama nimfu aliowatamani, wale mabinti wa mwituni, walikuwepo kweli au aliwaota. Mandhari na mavazi yalibuniwa na Léon Bakst. Nijinsky alivaa vazi la kubana la rangi ya maziwa lililochorwa mabaka ya kahawia, hivi kwamba mtazamaji wa mbali hakuweza kusema ngozi inaishia wapi na vazi linaanzia wapi.

Kuna mtu mwingine asiyestahili kusahauliwa. Majaribio ya mwanzo kabisa Nijinsky aliyafanya nyumbani St Petersburg pamoja na dada yake, Bronislava Nijinska, kabla kikundi hakijaambiwa lolote. Mwili wa dada huyo ndio uliokuwa wa kwanza kujaribu mikao ambayo wengine waliikataa. Baadaye akacheza kama mmoja wa nimfu saba.

Mwili uliofungwa

Hapa nitakaa kwa muda, kwani ndipo kisa chote kinapoanzia.

Baleti ilikuwa imejengwa juu ya nyonga zilizofunguka: miguu hugeuzwa nje, mwili humkabili mtazamaji, mikono huchora duara laini, uso hutabasamu au hulia kadiri hadithi inavyotaka. Nijinsky aliviondoa vyote. Wachezaji wake walisogea kwa ubavu, kulia au kushoto, katika ukanda mwembamba wa jukwaa, maana pazia la Bakst lilikuwa limesogezwa mbele hadi kina kikamezwa. Kichwa, mikono na miguu vilitazama pembeni huku kifua kikielekea kwa watazamaji, kwa mtindo wa watu waliochorwa kwenye vyungu vya kale vya Wagiriki. Magoti yalikunjwa kidogo. Mguu ulitua kisigino kwanza. Vidole vya mkono vilibanwa pamoja. Uso haukuruhusiwa kuonyesha chochote. Na muziki ulipotiririka, wao hawakutiririka nao. Walisimama, wakageuka, wakasimama tena.

Wachezaji waliichukia kazi hiyo. Walikuwa wamefundishwa tangu utotoni jinsi ya kuonekana wepesi, na sasa wanaambiwa watembee tu, lakini kutembea huko kukawa kugumu kuliko kuruka. Mazoezi yalikuwa mengi mno kwa dansi fupi kiasi hicho. Na yule ambaye Paris nzima ilikuja kumwona akipaa alijipa mruko mmoja tu.

Kwa nini mtu anayetaka kuonyesha silika aufunge mwili namna hii? Wengi wangefanya kinyume. Dhana iliyoenea, hata leo katika vyumba vya dansi na vya sanaa ya kujieleza, ni kwamba silika imelala chini ya adabu, kwa hiyo ondoa adabu, mwambie mtu ajiachie, nayo itatoka. Sidhani inakuwa hivyo. Mwili ukiachiwa tu hautoi silika, hutoa mazoea. Mtu anayeambiwa acheze ashiki yake bila mpaka wowote hurudia ishara alizokwisha kuziona kwa wengine: kufumba macho, kupinda mgongo, kupitisha mkono shingoni. Ni ashiki ya kuazima.

Nijinsky alimnyang'anya mchezaji mazoea hayo moja baada ya jingine. Hakuna tabasamu la kujipendekeza, hakuna mkono laini, hakuna jicho linalomtafuta mtazamaji ili limkonyeze. Kinachobaki ni kiumbe anayegeuza kichwa ghafla kwa sababu amesikia kitu. Anayesimama kabisa kabla hajasogea. Anayenyoosha shingo. Mtu aliyewahi kumtazama mnyama kwa utulivu anaijua mikao hiyo, na haikutokana na kujiachia hata kidogo. Ilitokana na amri kali kuliko za baleti ya zamani. Auguste Rodin, mchonga sanamu, alipoandika kuitetea kazi hii alisema hamna tena miruko, ila mikao na ishara za unyama unaojitambua nusu. Hiyo nusu ndiyo kiini cha kazi nzima.

Dakika ya mwisho

Hadithi yenyewe ni fupi. Fauni amelala juu ya mwamba, anapiga filimbi, anashika zabibu. Nimfu wanafika. Mkubwa wao anajitayarisha kuoga, anavua mitandio yake. Fauni anateremka. Wengine wanakimbia, mmoja anabaki. Wanasogeleana, wanapishana, viwiko vinashikana kwa kitambo. Kisha naye anaondoka. Mtandio unabaki chini.

Kuna jambo ambalo walioshtuka hawakulizungumzia, nami naliona zito sana: fauni hakumkimbiza. Hadithi za kale zimejaa mafauni wanaowakamata nimfu kwa nguvu, na watazamaji waliosoma walizijua, wakazikubali bila shida katika picha na sanamu zilizojaa kwenye majumba yao ya makumbusho. Huyu wa Nijinsky alimwacha aende. Wenzake nimfu walimcheka, akabaki peke yake na kitambaa.

Alichofanya na kitambaa hicho ndicho kilichozua ghadhabu. Aliuokota mtandio, akaupandisha mwambani akiwa ameubeba kwa mikono miwili, akautandika kwa uangalifu, kisha akajilaza juu yake.

Mtu anaweza kunipinga hapa, na kupinga huko kuna haki yake. Wanyama nao hujisugua kwenye vitu. Mfugaji yeyote anajua. Kama ni kujiridhisha tu, basi mhariri alikuwa na haki ya kusema unyama. Lakini angalia mpangilio wa tendo lenyewe. Mnyama hatandiki. Mnyama haubebi mtandio kwa heshima ya mtu anayebeba mtoto aliyelala, wala hauinamii kana kwamba una sura. Fauni anajua kuwa mwanamke hayupo. Anajua hiki ni kitambaa. Na bado anakifanya kisimame badala yake, kwa harufu, kwa kumbukumbu, kwa umbo lililobaki kwenye mikunjo. Kuchukua kitu na kukipa nafasi ya mtu asiyekuwepo ni kazi ya akili inayotengeneza alama, na akili hiyo hiyo ndiyo inayochora ukutani, inayochonga, inayotunga mashairi.

Miaka 7 kabla ya usiku huo, huko Vienna, tabibu Sigmund Freud alikuwa amechapisha hoja kwamba kwa binadamu msukumo wa kujamiiana na kile unachokielekea havikuzaliwa vikiwa kitu kimoja. Vimeungwa tu, na kiungo hicho kinaweza kulegea na kushika pengine. Sisemi Nijinsky alikuwa amemsoma. Ninachosema ni kwamba jukwaa lilionyesha kwa mwili jambo ambalo tabibu alikuwa analieleza kwa maneno, tena lilionyesha kitu ambacho maneno ya kitabibu hayakigusi: upweke wake. Fauni hana mshirika. Ashiki inafika kileleni na kileleni hakuna mtu mwingine. Naamini hilo liliwaumiza watazamaji kuliko ile nyonga iliyoshtuka, kwa sababu kumwona mtu akiwa na mwenzake unaweza kujifanya umepita tu dirishani, ila kumwona akiwa peke yake na hamu yake unajiona mwenyewe.

Turudi kwenye umbo. Ishara ile ilikuwa ndogo. Ingewekwa katika dansi ya kawaida iliyojaa kukumbatiana na kugaragara, isingeonekana. Iliyabeba yote iliyoyabeba kwa sababu kwa dakika kumi nzima hakuna nyonga iliyoruhusiwa kusema kitu.

Magazeti

Usiku wa kwanza ukumbi ulipokea kwa makofi na zomea kwa pamoja. Diaghilev akaagiza dansi ichezwe tena papo hapo, yote, tangu mwanzo. Alijua biashara ya makelele vizuri, na sitaki kuificha sehemu hiyo: kashfa ilimfaa.

Kesho yake Gaston Calmette, mhariri wa Le Figaro, alikataa kuchapisha tahakiki ya kawaida ya gazeti lake, akaandika mwenyewe ukurasa wa kwanza. Alilalamikia fauni asiye na staha, mwenye harakati chafu za ashiki ya kinyama na ishara za utovu mzito wa haya. Upande wa pili Rodin alitetea katika Le Matin, kwa makala iliyoandaliwa na rafiki yake Roger Marx, kisha Rodin mwenyewe akaitia sahihi. Mchoraji Odilon Redon, aliyemfahamu Mallarmé, aliandika kusikitika kwamba mshairi, aliyefariki 1898, hakuwahi kuyaona mawazo yake yakipewa uhai hivyo.

Jibu la Calmette linafundisha sana. Badala ya kuijadili dansi, alimgeukia Rodin: mzee huyu anaishi Hôtel Biron, nyumba iliyowahi kuwa ya watawa, kwa gharama ya serikali, na katika kanisa lake la zamani ametundika michoro michafu. Mabishano juu ya nyonga ya mchezaji yakawa mabishano juu ya kodi na kanisa. Mwenendo huu utauona kila mara sanaa inapogusa ashiki. Jambo lenyewe ni gumu kulitazama, basi watu hutafuta la pembeni linalotamkika: pesa za umma, watoto, dini, heshima ya taifa. Sidai kuwa hofu hizo zote ni za uongo. Zinapokuwa za kweli zina mahali pake. Hapa zilitumika kukimbia swali.

Debussy mwenyewe hakupendezwa. Aliona mikao ile ya kukatika katika haipatani na muziki wake unaopinda. Nadhani sikio lake lilisikia sawasawa na hukumu yake ikakosea: kutopatana kule ndiko kunakofanya tuhisi hamu inayotembea ndani ya mwili usiojua la kuifanyia. Kikundi kilipofika New York mnamo Januari 1916, malalamiko yaliibuka tena na mwisho ukabadilishwa ili kuwaridhisha walalamikaji. Fauni anabaki na mtandio, anautazama, basi. Sijui ni nini hasa walidhani wamekiokoa. Dansi iliyobaki ilikuwa ya kijana mwenye mkia aliyeokota kitambaa.

Kilicho kizito upande wa pili

Kisa hiki hakiwi kamili bila mambo mawili yasiyofurahisha.

La kwanza ni nimfu. Saba wamepanda jukwaani, na katika usomaji wa karibu kila mtu, huu wangu ukiwemo hadi hapa, wao ni ukuta uliochorwa ambao mbele yake mwanamume anahangaika. Yule mkubwa anabaki wakati wengine wanakimbia. Kwa nini? Anashikana naye kiwiko, anamtazama, anaondoka kwa hiari yake. Kuna hamu pale, au udadisi, au jaribio la kupima nguvu zake mwenyewe. Miondoko inaliacha wazi, na magazeti ya 1912 hayakulijali hata kwa sentensi moja. Silika ikawa ya mwanamume kwa sababu macho yalimwangalia mwanamume. Na macho hayo nayo yalikuwa na jambo geni: kwa mara moja mwili uliowekwa mbele ya umati utamaniwe ulikuwa wa kiume, umepakwa mabaka, umelazwa chini. Sehemu ya hasira ya Paris ilitoka hapo, ingawa hakuna aliyeandika hivyo.

La pili ni Diaghilev. Kijana anayetunga dansi kuhusu hamu isiyo na wa kuipokea alikuwa akiishi katika hamu ya mtu mwingine, mtu aliyelipia hoteli, mavazi, safari na mazoezi yake. Septemba 1913 Nijinsky alimwoa Romola de Pulszky huko Buenos Aires, na Diaghilev akamfukuza kikundini. Kazi iliyosifiwa kama ukombozi wa mwili ilitengenezwa na mtu ambaye mwili wake haukuwa huru. Sioni kuwa hilo linaipunguza. Linanifanya nimsikilize fauni kwa makini zaidi, kwani hamu yake pia haina ruhusa ya kwenda inakotaka. Ila anayetumia kisa hiki kufundishia, kwa wachezaji au kwa wanaofanya sanaa ya kujieleza, asilifiche. Chumba ambamo watu wanaombwa walete ashiki yao kwenye mwili, kwenye rangi au kwenye udongo kinahitaji kujulikana wazi nani ana mamlaka ndani yake, nani anamlipa nani, na nani anaweza kusema hapana bila kupoteza riziki.

Afya ya akili ya Nijinsky ilivunjika baadaye. Mwaka 1919 daktari Eugen Bleuler wa Zurich alimpima, na jukwaani hakurudi tena hadi alipofariki London mwaka 1950. Wapo waliotaka kumsoma fauni kama dalili ya ugonjwa uliokuwa njiani. Nalikataa hilo kabisa. Dansi iliyopimwa hadi pembe ya kiganja haikutoka kwenye akili iliyokuwa inapotea.

Ushahidi upo. Hakuna filamu ya Nijinsky akicheza. Tuna picha za Adolf de Meyer za 1912, na kwa miaka mingi dansi ilirithishwa kwa kumbukumbu za waliowahi kuicheza. Lakini mwaka 1915, vita vikiendelea, Nijinsky alizuiliwa Budapest kwa kuwa raia wa nchi adui, na huko aliiandika dansi hii kwa mfumo wa alama aliouboresha mwenyewe. Maandishi hayo yakafika British Library na kukaa bila kusomeka hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, wataalamu wa maandishi ya dansi Ann Hutchinson Guest na Claudia Jeschke walipofanikiwa kuyafumbua. Yalitofautiana kwa mengi na kile ambacho vikundi vilikuwa vinakicheza. Humo alikuwa ameandika sehemu ya kila nimfu, kila mmoja na mwendo wake, pamoja na ya fauni. Anayetaka kujua yule nimfu mkubwa alifanya nini hasa kabla ya kuondoka aanzie kwenye karatasi hizo.